Santuri Mbili za Marehemu Shemeji

Kila nikipita barazani mnanishika kanzu. Swaleh, ulikwenda wapi? Swaleh, mbona umerudi mikono mitupu? Swaleh, ni kweli ulionekana Vitengeni umekumbatia mashine ya santuri kama mtoto mchanga? Basi kaeni, mnitilie kahawa, nieleze mara moja tu, maana nimechoka kuisikia habari yangu ikinirudia imetiwa chumvi na watu ambao hawajavuka hata Gede.

Malindi, kwenye kugawa

Shemeji yangu Mbaruku, Mungu amrehemu, mlimjua nyote. Lakini kwa ajili ya huyu bwana aliyehamia mtaani juzi, nitamweleza. Alikuwa mume wa dada yangu Zuhura, fundi wa mafriji, na mtu pekee Malindi nzima aliyevaa kanzu na buti za ngozi zenye ncha, Ijumaa mpaka Alhamisi. Mimi na yeye tulikuwa na ugonjwa mmoja: tulikusanya santuri kuukuu za kantri, zile nyimbo za Wamarekani wachunga ng'ombe. Mzungu akiuza nyumba arudi kwao, watu wenye akili walikimbilia majiko na vitanda. Sisi tulikimbilia kabati la santuri, tukapiga magoti, tukazitoa moja moja na kuzielekeza juani kutafuta mikwaruzo. Msinicheke, najua: hakuna kati yetu aliyewahi kuchunga hata mbuzi. Mbaruku akiona punda amesimama njiani alikuwa anavuka, anapita ng'ambo.

Katika zote alizokuwa nazo, roho yake ilikuwa kwenye albamu moja, ya santuri mbili ndani ya jalada la kukunjuka. Mbele ya jalada kuna bwana wa Kizungu mwenye kofia pana, amekaa juu ya ua wa mbao, anatazama mbali kama anayengoja kuitwa chakula. Mbaruku alikuwa na wake wawili, dada yangu hapa mjini na Bi Riziki kule Vitengeni, na albamu hiyo alihama nayo ndani ya kikapu, wiki huku, wiki kule. Kila baada ya alasiri aliiweka kwenye mashine ya nyumba aliyokuwamo, akavua buti, akalala mkekani na kusikiliza. Dada yangu alikuwa akimgombeza apunguze makelele. Wake wenyewe hawakuwahi kuonana wala kusemezana. Kila mmoja alimwita mwenzake "yule".

Alipofariki, mirathi ikashikwa na nduguye, Ami Saidi. Ami anajua mirathi, hilo silipingi. Lakini marehemu ameacha mtoto wa kiume, kwa hivyo ndugu hana fungu, na kwa kuwa hana fungu akawa mkali wa mizani kuliko wenye mafungu. Sheria inataka thamani igawanywe, mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kurani anajua. Ami alitaka vitu vigawanywe. Akagawa sufuria, akagawa bisibisi za ufundi, akagawa mito ya viti. Santuri nyingine ziligawika kama maembe. Mwisho ikabaki ile albamu, na Ami akaigeuza mikononi kama mtu aliyepewa samaki asiyemjua.

"Swaleh, hii ni moja au mbili?"

"Ni moja, Ami, ila ziko mbili."

"Sikukuomba kitendawili."

Akafikiri, akakohoa, akahukumu. Santuri ya kwanza ni ya Nasoro, mtoto wa kiume. Jalada ni la Maimuna, mtoto wa kike, kwa kuwa jalada, alisema, ni nusu ya santuri. Santuri ya pili, ambayo ilibaki Vitengeni juu ya mashine tangu marehemu alipokwenda mara ya mwisho, ni ya wajane wawili kwa pamoja: upande wa kwanza wa mke mkubwa, upande wa pili wa mke mdogo. Aliyasema haya kwa uso mkavu kabisa, na sisi sote tukaitikia, maana pilau ilikuwa inapoa.

Siku zikapita. Zuhura yumo edani, hatoki. Nikawa nakwenda kumjulia hali, na siku moja akaniambia akiwa ameinamisha kichwa, "Swaleh, miaka yote nilikuwa nikimwambia apunguze yale makelele. Sasa nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikipumua. Niletee ile albamu niisikie yote, humu humu alimokuwa akilala. Eda ikiisha Nasoro anakuja kunichukua nihamie kwake Kilifi, na nyumba itauzwa ili Ami apate cha kugawa."

"Nitakuletea, dada."

"Na kwa yule wa Vitengeni usitaje jina langu. Sema ni wewe unayeitaka."

Hilo halikunipa tabu. Kusema kweli nilikuwa naitaka.

Mpaka Gede kwa gari la mikate

Nilipata nafasi kwenye gari la kugawa mikate. Kama una haraka, usipande gari la mikate. Linasimama kwenye kila duka, na kila mwenye duka ana mashtaka yake kuhusu mkate wa jana. Dereva naye alikuwa mtu wa salamu kamili: akuulize wewe, akuulize watu wa nyumbani, kisha arudi kwako tena asije akawa amekusahau. Mimi nimekaa na begi mapajani, na ndani ya begi kuna santuri moja ya nyimbo za Krismasi za Kijerumani, ambayo niliwahi kuuziwa kwa kulazimishwa pamoja na nyingine nzuri. Nimeishi nayo miaka mingi nikitafuta wa kumpa.

"Hizo si nyimbo za kanisani?" dereva aliniuliza nilipomwambia ninachokifuata.

"La. Ni za mtu aliyeachwa na mkewe."

"Wimbo mmoja?"

"Zote."

"Na kwa nini anaachwa kila mara?"

"Pombe."

"Basi si aache pombe?"

"Akiacha hakuna nyimbo."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akashusha mikate ya duka la tano au la sita, na akaniomba nimfikishie pole yake.

Maimuna, mpwa wangu, anakaa Gede nyuma ya maduka. "Shikamoo Mjomba," na mkate wa sinia mezani kabla sijavua viatu. Nikakaa, nikainua macho, na huyo hapo ukutani bwana wa kofia pana, ametiwa kioo na fremu ya dhahabu, juu kabisa, mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya Makka.

"Mjomba, ningefanya nini? Fungu langu ni jalada. Jalada halichezeki kwenye mashine. Nikaona nilitundike."

Tukiwa tunakula, akaingia jirani yake, mama mmoja mnene mwenye huruma nyingi, aliyekuwa safarini wakati wa msiba na sasa amekuja kutoa pole. Akalia kidogo, akajifuta, akaitazama ile picha. "Na huyu ndiye yule Mtaliano aliyekuwa akifanya kazi na marehemu? Maskini, naye pia amekufa?" Maimuna akanitazama mimi, mimi nikautazama mkate. Yule mama akainua mikono, akamwombea bwana wa kofia dua ndefu, apunguziwe adhabu na awekwe pema, na sisi tukaitikia amin. Tungefanyaje? Nadhani ndiye mwimbaji wa kantri pekee aliyewahi kuombewa dua Gede.

Maimuna akanifungulia fremu bila ubishi alipojua ni kwa ajili ya mamake. "Ila umrudishe, Mjomba," alisema. "Mitaa hii watu wataniuliza amekwenda wapi."

Kilifi, juu ya daraja

Gari la mikate, lililokuwa bado kwenye maduka ya Gede, likanifikisha Kilifi jua likiwa utosini, na mimi nikalikinga jalada kwa mwili wangu kama ninayebeba maji. Nasoro ana mkahawa unaotazama daraja, wa wageni wanaolipa ili wakae juu ya magodoro yaliyowekwa sakafuni, jambo ambalo kwetu mtu hulifanya bure. Kahawa yake haina tangawizi wala iliki, ila ina picha ya jani juu ya povu. Nilipomwomba kahawa chungu kwa kikombe kidogo na kipande cha halwa, mtumishi wake aliniletea keki ya karoti na uso wa huruma.

Santuri ya kwanza ya marehemu nikaiona mwenyewe kabla ya kuuliza. Ilikuwa imening'inizwa ukutani kwa utepe, kati ya uteo wa kupepetea na kaa wa mbao. Wallahi moyo uliniuma. Upepo wa bahari, chumvi, jua la saa nane, na santuri ya watu inazunguka kwenye utepe kama kitambaa cha kufukuzia ndege shambani.

"Nasoro, hii unaisikiliza saa ngapi?"

"Mjomba, hii si ya kusikiliza. Hii ni mandhari. Wateja wanapiga picha hapa."

"Mamako anataka kuisikia."

Akakuna kichwa. Si kijana mbaya, ila amekaa na wageni sana mpaka kila kitu anakitazama kwanza kama kitatoka vizuri pichani. "Na hapo ukutani nitaweka nini?"

Ndipo nikafungua begi na kumwonyesha Krismasi ya Wajerumani. Akaipima kwa mkono: upana sawa. Akaitazama: nyeusi, duara, ina tundu katikati. Akamwita mkewe, na mkewe akasimama mbali, akafumba jicho moja, akasema hii afadhali, karatasi yake ya katikati ni nyekundu na inaafikiana na mito. Wakaitundika pale pale. Kama mtapita Kilifi na kuiona, msimwambie mtu. Nilitoka pale mwepesi kama niliyeozesha binti wa mwisho.

Nikaitia santuri ndani ya jalada lake. Fungu la mtoto wa kiume na fungu la mtoto wa kike yakakutana tena, bila idhini ya Ami.

Kilifi mpaka Vitengeni

Kutoka Kilifi nikachukua pikipiki kwenda ndani. Mwenye pikipiki alikataa kuamini kwamba mtu mzima anasafiri na kitu ambacho hakiliwi, hakiuzwi na hakitakiwi kupigwa na jua. Tulisimama kwanza kwa ajili ya pancha, tukasimama tena kwa ajili ya mbuzi, na mara ya tatu tukasimama kwa ajili yangu mimi, kwa sababu ambazo mtu wa umri wangu hahitaji kueleza. Kila tukisimama alikuwa akiniuliza, "Mzee, bado hakijavunjika?" kwa sauti ya mtu anayengoja kwa hamu. Vumbi lilinipaka mpaka kanzu ikawa rangi ya chai ya maziwa.

Nyumba ya Bi Riziki iko pembeni kidogo mwa soko, ya mawe, yenye baraza pana. Nikapiga hodi. Akatoka mamake, bibi wa Kigiriama mkavu, mwenye leso mbili na macho makali. Alinitazama kanzu, akatazama begi, kisha akawaswaga kuku wote uani akafunga mlango wa ua kwa kamba.

"Umetumwa kugawa nini tena?"

"Sikutumwa kugawa, mama."

"Aliyekuja mbele yako naye alivaa kanzu. Alihesabu kuku. Kuku ni wangu, si wa marehemu. Ile mashine ya santuri pia alitaka kuihesabu, nikamwambia marehemu alimpa binti yangu akiwa hai, kwa mashahidi."

Nikaapa kwamba mimi na Ami Saidi hatuna damu moja. Nikajitambulisha. Hapo Bi Riziki mwenyewe akasema kutoka ndani, nyuma ya dirisha lenye pazia, maana naye yumo edani na mimi si maharimu wake: "Mama, mpe kiti. Ndugu wa mke mwenzangu ni ndugu yangu. Karibu, kaka."

Sikumwona hata kucha. Yote tuliyosemezana tulisemezana kupitia pazia. Nikaletewa wari, ugali wa Kigiriama, na ile mboga chungu ya porini wanayoiita mtsunga, nikala mpaka nikaona haya, kisha nikasema kama nilivyoagizwa: kwamba mimi ni mkusanyaji, kwamba naitaka santuri ya pili, na kwamba ni mimi, mimi mwenyewe, hakuna mwingine.

"Ni yeye anayeitaka," akasema Bi Riziki. "Sivyo?"

Nikaomba niongezewe mtsunga, na hilo likamjibu.

"Basi mwambie sitoi."

"Bi Riziki, upande mmoja ni wake. Ami ndivyo alivyohukumu."

"Mchukulie upande wake. Uniachie wangu."

Nikamwuliza kwa upole kwa nini anaing'ang'ania.

"Kaka, ile santuri iko juu ya mashine vile vile alivyoiacha. Hapa alikuwa akisikiliza zote, lakini akifika kwenye hii ya pili, upande wa kwanza, analala. Basi mimi nazima polepole asiamke. Upande wa pili haujawahi kugeuzwa. Huo ndio nilioandikiwa mimi, na sijausikia hata siku moja. Unichukulie kitu ambacho hata sikijui?"

Nilikata tamaa, siwafichi. Eda ilikuwa inakwisha, santuri zote mbili ziko chini ya paa moja, na mmoja hawezi kutoka kwake aje huku, wala mwingine hawezi kutoka huku aende kule. Nikashuka barazani, nikampigia Zuhura kumwambia safari imekufa. Mnajua sauti yangu. Mimi nikinong'ona, soko linageuka.

"Kaka!" Bi Riziki akaita kutoka ndani. "Mwambie asikate. Iweke simu hapo dirishani, na wewe nenda dukani kalete mawe ya betri. Ya mashine yamekwisha."

Nikaiweka simu kwenye kizingiti, sauti ya nje, nikaenda mbio. Mwenye duka alitaka kujua ni ya redio au ya tochi, na kama ni ya tochi, tochi ya nani. Niliporudi simu ilikuwa bado inakwenda, na hakuna aliyekuwa amesema neno. Wajane wawili, mmoja Malindi mmoja Vitengeni, wananisubiri mimi huku muda wa simu yangu unateketea.

Mamake akanipitishia mashine mlangoni, nikaikumbatia mpaka barazani. Hapo ndipo nilipoonekana, na hiyo ndiyo habari mliyoletewa. Tukaanza na santuri ya Nasoro, pande zote mbili. Kisha ile ya pili, upande wa kwanza, fungu la Zuhura. Yule bwana akaachwa, akanywa, akalia, akapanda treni, akanyeshewa. Nikaigeuza.

Sasa mimi huo upande wa mwisho naujua, na nilikuwa naogopa. Ndio ulio mbaya kuliko zote. Yule mtu, baada ya kulia pande tatu nzima, ghafla anachangamka. Anaimba habari za jogoo, anapiga vigelegele vya kwao, anaipandisha sauti mpaka puani na kuirudisha kooni, anaipandisha tena, na wenzake nyuma wanapiga vijiko.

"Riziki," simu ikasema. Dada yangu sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo.

"Naam, dada."

"Hiki ndicho kilichokuwa kikifuata?"

"Naona ndicho."

"Na huko pia alikuwa akilala kabla yake?"

"Alikuwa akilala. Nazima polepole asiamke."

"Na mimi." Jogoo akawika kwa Kimarekani. "Loo! Miaka yote namzimia kwa heshima, kumbe mwenyewe alikuwa akimkimbia huyu!"

Bi Riziki akaanza kucheka. Alijizuia kwanza, nikasikia mdomo ukizibwa kwa leso, kisha akashindwa, na Zuhura naye akashindwa upande wa pili, wakacheka mpaka mamake Riziki akatoka kutazama ni nani amekuja. Sindano ikafika mwisho wa santuri, ikawa inakwaruza tu. Na kicheko cha dada yangu kikageuka.

"Nimemkumbuka, mwenzangu. Nimemkumbuka sana."

"Mimi pia, dada. Mimi pia."

Niliwaacha. Si kwa adabu yangu, Zuhura alisema, "Swaleh, kama bado uko hapo, ondoka." Nikaenda kukaa na kuku, nikalia kidogo, na kuku hawakusema kitu.

Kurudi

Walizungumza mpaka simu yangu ikazima. Kabla haijazima nikapewa amri: zote mbili zibaki Vitengeni, na jalada lao, mashine iko huko. Nikasema na mimi je, nimezunguka mkoa mzima? Nikaambiwa nimshukuru Mungu kwa afya. Kwa Maimuna ilinibidi nieleze habari ya Mtaliano wake, na kwa Ami Saidi ilinibidi nieleze kila kitu. Akaniuliza, kama upande wa mke mkubwa umekwenda kwa mke mdogo, umekwenda kwa hiba, kwa amana au kwa kuazima? Nikamwambia akawaulize wenyewe. Hajathubutu.

Ndiyo sababu ya mikono mitupu. Imebaki hii moja tu, ambayo nyinyi hamkuiona, kwa kuwa mlikuwa msikitini.

Siku dada yangu alipotoka edani, Nasoro alikuja na gari asubuhi. Mizigo ikafungwa, nyumba ikafungwa, funguo akapewa Ami. Zuhura akapanda mbele, akafunga mkanda, akasema, "Tunapitia Vitengeni."

"Mama," Nasoro akamwambia, "kwenda Kilifi hakupiti Vitengeni. Unajua Vitengeni iko wapi?"

"Nasoro," akasema dada yangu, "mimi nimejua Vitengeni iko wapi tangu kabla hujazaliwa. Endesha."